Kijiwe kinajua, kikoba kinauliza

Mtaani kwetu habari haifichiki. Sitautaja mtaa wenyewe kwa sababu bado naishi hapo na kila asubuhi nalazimika kusalimiana na kila mtu, lakini uko hapa hapa Dar es Salaam, na anayeishi Manzese, Buguruni au Mbagala hatapata shida kuuona. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, kundi la wanawake. Mshahara hakuna, lawama zipo za kutosha. Unagongewa usiku majirani wamegombania ukuta, unaamshwa alfajiri mtaro umeziba, na katikati ya hayo unakaa vikaoni. Nimekaa vikaoni kiasi kwamba naweza kukwambia mapema nani atanyoosha mkono, nani atasema "naunga mkono hoja ya msemaji aliyepita" kisha akae chini, na nani atanyamaza kikao kizima halafu atoke nje aanze kuhutubia.

Huyu wa tatu ndiye aliyenisumbua akili kwa miaka. Si mwoga, wala si mjinga, na mara nyingi anachokisema huko nje ndicho hasa kilichotakiwa kusemwa ndani.

Tuna kiwanja. Si kikubwa: mwembe upande mmoja, magoli ya mabomba upande wa pili, katikati vumbi. Watoto wanacheza chandimu pale. Familia isiyo na ua ikifiwa, turubai linafungwa pale. Mwali akitolewa, ngoma ni pale. Watu wa chanjo wakija, meza yao inawekwa chini ya mwembe, na chama chochote kikiwa na la kutuambia, spika zinapangwa pale. Wenyeji wanasema ni eneo la wazi tangu mtaa ulipopimwa. Asubuhi moja tukaamka kimezungushiwa mabati.

Kijiweni majibu yalikuwa tayari kabla jua halijapanda. Kijiwe chetu kiko kwenye kona, mbele ya duka la Mangi: mabenchi, dele juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, sinia la kashata. Watu wa hapo wamezoea kukiita bunge, na kwa kweli kina sifa ambazo sizioni pengine. Mzee mstaafu wa bandarini anakaa benchi moja na kijana wa bodaboda, na kijana akiwa na hoja, mzee anasikiliza. Anayedanganya kuhusu mechi ya Simba na Yanga anaumbuliwa papo hapo. Anayeleta habari ya serikali anaulizwa: umeisoma wapi, au umeota? Wapo wanaopitia kwenye kibanda cha magazeti asubuhi, wanasoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama bila kununua hata moja, kisha wanakuja kijiweni kuvijadili kama waliovihariri. Wengine wamekwisha kusomewa na redio, maana huku magazeti husomwa hewani kila asubuhi. Nasema haya kwa heshima, si kwa kebehi. Mtu asiye na shilingi ya gazeti anajua nchi inaongea nini.

Basi siku ile nikapita.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba mjumbe. Karibu kahawa."

Karibu hiyo ni ya kunywea umesimama. Sijawahi kuona mwanamke ameketi kwenye benchi lile, na hakuna sheria inayomkataza. Nikanywa nimesimama, nikasikia kwamba kiwanja kimenunuliwa na mbunge, hapana, na mtu wa mafuta, hapana, ni ghala linajengwa. Kila mmoja alikuwa na uhakika. Mjadala ulikuwa mtamu. Ukaendelea kesho yake, na keshokutwa, na mabati yakaendelea kusimama.

Mwanangu anasoma sosholojia Mlimani. Jioni moja nikamsimulia, nikimlalamikia wanaume wa mtaa huu wanaojua kila kitu na hawafanyi chochote. Akacheka. "Mama, hicho kijiwe chenu kimeandikiwa vitabu." Ndipo akanipa somo, mimi nikichambua mchicha, kuhusu Mjerumani aitwaye Jürgen Habermas, ambaye mwaka 1962 alichapisha utafiti wake juu ya kile wanachokiita uwanja wa umma. Nilivyomwelewa mwanangu, hoja ni kwamba kati ya nyumba ya mtu na ofisi ya serikali kuna nafasi ya tatu. Hapo watu binafsi hukutana, wakazungumza mambo yanayowahusu wote, na neno likapimwa kwa uzito wake, si kwa cheo cha aliyelisema. Mazungumzo hayo yakikomaa yanakuwa maoni ya umma, na watawala hulazimika kuyajibu.

Na huyo Mjerumani, kumbe, mfano wake mkubwa ni kahawa. Nyumba ya kwanza ya kahawa London ilifunguliwa mwaka 1652. Miaka michache baadaye zilikuwa zimezagaa mji mzima. Ukitoa peni moja unapata kikombe na unakaa na yeyote uliyemkuta hapo, mnasoma magazeti na kubishana. Soko la bima la Lloyd's lilianzia kwenye nyumba ya kahawa ya namna hiyo. Mwishoni mwa Desemba 1675, Mfalme Charles wa Pili akatangaza zifungwe zote, kwa sababu watu walikuwa wakikaa humo kueneza maneno juu ya serikali yake. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa mno, akaifuta amri yake mapema Januari, kabla haijaanza kutekelezwa. Hapo nikaacha mchicha. Mfalme mzima, na jeshi lake, anaogopa dele!

Lakini nikamuuliza mwanangu: wanawake walikuwa wapi?

"Kwenye nyumba za kahawa za London, mama, kwa kawaida hawakukaa kwenye mazungumzo."

"Basi hiyo ni nusu ya umma, au ni kijiwe chetu na baridi juu yake."

Akaniambia nimechelewa. Msomi wa Marekani, Nancy Fraser, alikwisha kuliandika hilo mwaka 1990: kwamba uwanja ule uliosifiwa kuwa wazi kwa wote uliwafungia nje wanawake na watu wa chini, na kwamba waliofungiwa nje hawakukaa kimya, walijitengenezea viwanja vyao wenyewe, wakazungumzia huko mambo yao kwa lugha yao hadi walipokuwa na nguvu ya kutoka. Nilifurahi kidogo kuchelewa kwa miaka hiyo tu. Maana mimi nilikuwa na mfano ambao sidhani kama Nancy Fraser anao: kikoba.

Wanaume wengi wanadhani kikoba ni mahali pa kina mama kukopeshana na kusengenyana. Ngoja nieleze kinavyokwenda chetu. Tunakutana alasiri, mara moja kwa wiki, tukiwa tumekaa duara. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti ambao si viongozi. Kabla sanduku halijafunguliwa, mwanachama yeyote anaweza kuulizwa: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Na lazima ajue, kwa sababu wote tulilisikia salio likitajwa kwa sauti, na kila mmoja alitakiwa kulibeba kichwani. Asiyejua kusoma analibeba vizuri kuliko mimi mwenye kalamu. Hisa zinanunuliwa mbele ya watu, marejesho yanahesabiwa mbele ya watu. Anayetaka mkopo anaeleza mbele ya watu anataka kufanyia nini, na mwenzake ana haki ya kumwambia: dada, biashara ya mitumba uliyosema mara ya mwisho imefikia wapi? Ukiongea bila ruhusa, faini. Simu ikilia, faini. Ukitukana, faini kubwa.

Fikiria mwanamke aliyepita hapo kwa miaka. Amezoea kumuuliza jirani yake swali la pesa akimtazama usoni, kesho wakakopeshana chumvi. Amezoea kuulizwa yeye. Hakuna chuo kinachofundisha hilo kwa ada yoyote.

Kwenye kikoba hicho ndipo ilipotoka habari ya maana juu ya kiwanja. Mama lishe mmoja, mwenzetu, ndiye aliyekuwa akiwapelekea chakula mafundi wa mabati. Wali maharage, mchana. Mtu anayepakua wali haonekani. Watu wanaongea juu ya kichwa chake. Alimsikia msimamizi wao akisema kwenye simu kwamba wasiwe na wasiwasi, barua ya mtaa ipo na ina muhuri. Hakuileta habari hiyo kijiweni, angeileta akakae wapi? Aliileta kikobani, wakati wa kusubiri waliochelewa.

Tazama tofauti. Kijiweni swali lilikuwa: nani amenunua? Ni swali zuri la kunywea kahawa, kwa sababu linaweza kujibiwa kwa namna elfu moja na hakuna jibu linalomlazimu mtu kufanya kitu. Kikobani, baada ya nusu saa, swali lilikuwa: barua hiyo ilitoka ofisini kwetu au haikutoka, na kama ilitoka, kikao gani kiliipitisha? Hilo lina jibu moja, na aliye nalo anajulikana anapokaa.

Mwanangu alinikumbusha Bibi Titi Mohamed, na hapa sikuhitaji somo, maana bibi yangu alikuwa akizisimulia habari zake. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 hapa mjini, wanaume wengi wenye kazi za serikali walikuwa na la kupoteza wakionekana mikutanoni. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma, na wanawake wa Dar es Salaam walikuwa tayari na vyama vyao vya lelemama, vyenye viongozi, michango na utaratibu wa kuitana. Alivipitia vyama hivyo, akawatoa wanawake kwa wingi kujiunga na chama. Mkoloni aliona ngoma. Leo barabara yenye jina la Bibi Titi inapita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, na daladala zinaitaja kama kituo tu, wengi wetu tunashuka bila kumfikiria.

Na Mnazi Mmoja penyewe pana historia ya kuchekesha, ukiwa na moyo wa kucheka. Chini ya Waingereza eneo lile liliachwa wazi makusudi, liwe mpaka: upande huu mji wa Wazungu na maduka ya Wahindi, upande ule Kariakoo ya Waafrika, katikati patupu ili watu wasichanganyike. Wakakosea hesabu. Pale patupu ndipo watu walipopata nafasi ya kusimama pamoja, na mikutano ya TANU ikafanyika hapo. Hata mwezi Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka wakilalamikia kodi, usajili wa stoo na kukamatwakamatwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Nilifuatilia kwenye televisheni. Malalamiko yale nilikuwa nimeyasikia kwa miaka kila nikienda kununua vitenge, yakisemwa kwa sauti ya chini, mwenye duka akitazama mlangoni. Siku ile yalisemwa kwenye maikrofoni, na mtu aliyesimama kwa miguu yake, mbele ya mtu aliyetakiwa kujibu. Maneno hayakuwa mapya hata kidogo. Ikaundwa kamati.

Turudi mtaani. Mkutano wa wakazi uliitishwa. Wakazi wote wa mtaa wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wana haki ya kuhudhuria na kusema. Waliokuja walijaza mabenchi ya kuazima na wengine wakasimama uani. Kina mama wa kikoba walifika pamoja, wamekaa safu moja. Karatasi ya ajenda ikasomwa: kufungua mkutano, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, usafi, ulinzi shirikishi, mengineyo, kufunga.

Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono, yule ambaye hasomi vizuri lakini salio la sanduku halimpotei.

"Ndugu mwenyekiti, la kiwanja mmeliweka wapi?"

"Liko kwenye mengineyo, mama."

"Mengineyo huwa tunayafikia saa ngapi?"

Watu wakacheka. Kila aliyewahi kukaa kikaoni anajua mengineyo ni wakati mvua imeanza, au adhana imelia, au mwenyekiti ana udhuru. Kicheko kile kilisaidia kuliko hotuba. Ajenda ikapandishwa juu.

Akauliza sasa. "Mimi siulizi nani kanunua. Nauliza, barua ilitoka ofisi hii au haikutoka?"

Mtendaji, ambaye kisheria ndiye katibu wa mkutano, akasema suala hilo linashughulikiwa na ngazi za juu.

"Sawa baba. Sijauliza linashughulikiwa na nani. Nimeuliza barua."

Kimya. Nikawatazama wanaume wa kijiweni, karibu wote walikuwapo. Yule mstaafu wa bandarini, ambaye kijiweni aliwahi kuichambua bajeti ya taifa kwa wiki nzima, alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyeunga mkono, hakuna aliyepinga. Kina mama ndio waliouliza tena, mmoja baada ya mwingine, swali lile lile, bila kupandisha sauti. Mwisho likatolewa jibu kwamba ofisi itafuatilia kumbukumbu zake na kuleta taarifa.

Tulipotoka nikamfuata yule mzee. Nilikuwa na hasira kidogo.

"Baba, mbona leo umenyamaza?"

Hakukasirika. "Mjumbe, kijiweni naongea na wenzangu. Mle ndani naongea na mtu ambaye wiki ijayo nitamfuata anigongee muhuri kwenye barua ya mjukuu wangu."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko somo la Habermas. Barua ya utambulisho kutoka mtaani inatakiwa kila mahali: kitambulisho cha taifa, kumwekea mtu dhamana polisi, kufungua akaunti, kuomba mkopo, kumpeleka mtoto shule. Mwenye muhuri anaweza asikukatalie kamwe. Inatosha kukwambia njoo kesho. Wale waungwana wa London waliobishana bila woga walikuwa na mali zao, hawakuhitaji mtu awagongee chochote ili waishi. Uhuru wa kusema tunao, Ibara ya 18 ya Katiba inautaja, na siudharau. Lakini uhuru huo ukifika kwa mtu mwenye mjukuu na barua, unapiga hesabu.

Kina mama nao wana wajukuu, na barua wanazihitaji sana. Nilipowauliza, mmoja akasema mwenye muhuri hawezi kutunyima sote. Ndiyo maana walikaa safu moja.

Muhtasari ulipoandikwa, rasimu niliyoonyeshwa ilisema: "Wananchi walielezwa kuhusu suala la kiwanja na waliridhika." Nikasema sikubali, liandikwe swali kama lilivyoulizwa na jibu kama lilivyotolewa, na jina la aliyeahidi. Tulibishana. Nikaambiwa muhtasari si mahali pa maneno mengi. Mkutano uliofuata rasimu ile ile ikasomwa mbele ya watu, na ilipofika hapo "waliridhika", sauti zikapaa kutoka safu ya kikoba hadi waliosimama uani: si kweli! Hata wanaume wa kijiweni walipaza sauti, maana katika kelele za wengi hakuna anayejulikana. Ikasahihishwa hapo hapo, kwa kalamu.

Tangu siku hiyo kiwanja kikaingia kwenye yatokanayo. Sijui kama kuna anayeipenda sehemu hiyo ya mkutano; mara nyingi watu huitumia kusalimiana. Mimi naiheshimu kuliko mkutano wote. Swali likiingia kwenye yatokanayo haliwezi kufa kwa kunyamaziwa, kila mkutano linaamka: kikao kilichopita iliahidiwa hivi, taarifa iko wapi? Kijiwe hakina yatokanayo. Kila siku kinaanza upya, na yaliyobishaniwa jana yamemwagwa na masimbi ya kahawa. Grupu letu la mtaa la WhatsApp halina pia, licha ya kwamba kila kitu kimeandikwa humo: ujumbe unafukiwa na picha za misiba na matangazo ya viatu, na msimamizi wa grupu akichoka anafunga, anabaki kuandika yeye peke yake. Mara mbili sauti ya mtu iliyosambazwa humo ilileta taharuki ya bure kuhusu nyumba kubomolewa, na alipotafutwa mwenye sauti hakuonekana.

Mikutano ya hadhara ya vyama je? Nilikuwa naidharau. Spika kubwa, msanii, fulana, kanga, mgeni rasmi anaongea, anaondoka, hakuna aliyeuliza kitu. Habermas mwenyewe, kwa maelezo ya mwanangu, alilalamika kwamba kadiri miaka ilivyokwenda umma uligeuzwa kutoka wabishi kuwa watazamaji, na siasa ikawa maonyesho. Hiyo niliielewa bila msaada. Kisha mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya siasa ikazuiwa nchi nzima, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo tarehe 3 Januari 2023. Katika miaka ile niligundua nilichokuwa sikioni: pembezoni mwa mkutano, nyuma kabisa kwa wauza karanga, watu walikuwa wanasimama makundi makundi wakibishana juu ya alichosema wa jukwaani, na humo kulikuwa na wapita njia, watu wa mtaa wa pili, watu wasiojuana. Kijiweni wanajuana mno. Mtu asiyekujua akikukatalia, hoja yako inapata jasho halisi.

Kiwanja kilichukua muda mrefu. Yatokanayo moja ilizaa barua, barua ikazaa safari za ofisi za juu, na hatimaye ukapatikana mchoro wa mipango miji. Mzee wa bandarini ndiye aliyetuambia tuudai. Alituambia nje, lakini alituambia. Kwenye mchoro pale ni eneo la wazi. Na kubadili matumizi ya ardhi iliyopangwa kuna utaratibu wake, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mojawapo ikiwa kuwatangazia watu ili mwenye pingamizi aseme. Hakuna mkazi aliyewahi kuona tangazo. Mkutano mmoja baada ya hapo mabati yakaondolewa, mchana kweupe, na mafundi wale wale, ambao mama lishe akawauzia wali mara ya mwisho na akaniambia amepoteza wateja wazuri. Barua yenye muhuri haijaonekana mpaka leo. Nani alitaka kujenga, hatujui. Kijiweni wanajua, bila shaka, na wamekwisha kuelezana jinsi walivyookoa kiwanja.

Sasa tunagombana sisi wenyewe. Vijana wanataka sehemu waoshee magari. Wazazi hawataki maji ya sabuni chandimuni. Kina mama wanataka gulio siku za Jumapili, na msikiti na kanisa wote wana la kusema juu ya muziki. Kuna kundi linataka tujenge ukuta ili kisiporwe tena, na kundi linalosema ukuta ndio utakaokipora. Wanaume watatu wa kijiweni wamesimama na kusema kikaoni, kwa majina yao, mmoja akiunga mkono gulio kwa sababu mkewe anauza mboga. Kikoba nacho kimegawanyika, jambo ambalo sikulitegemea, na safu yao sasa ni mbili.

Mkutano ujao tumeupeleka alasiri badala ya asubuhi, ili wanaouza chapati na vitumbua wapate kuja. Ajenda ya nne ni pesa za taa za kiwanjani zilizochangwa na hazijaonekana zikiwaka. Tayari watu wawili wamekuja nyumbani kwangu kwa nyakati tofauti, wote wakiniomba niiweke kwenye mengineyo.